Nani alijaza jina? Kisa cha sheria ya rodef na mauaji ya Yitzhak Rabin

Katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria na mijadala ya marabi wa Kiyahudi, kwenye risala iitwayo Sanhedrin, karatasi ya 73, kuna sheria inayosema hivi kwa ufupi: ukimwona mtu anamwandama mwenzake ili amuue, mwokoe anayeandamwa, hata kama njia pekee iliyobaki ni kumuua anayemwandama. Mwandamaji huyo kwa Kiebrania anaitwa rodef. Marabi waliifungamanisha sheria hii na Mambo ya Walawi 19:16, amri inayomkataza mtu kukaa akitazama tu damu ya jirani yake ikimwagika. Haina ajabu yoyote. Mtu ameshika panga anamkimbiza mtoto, wewe una jiwe mkononi: nani atakuuliza kwa nini ulilirusha?

Tarehe 4 Novemba 1995, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akisomea sheria chuo kikuu alimpiga risasi za mgongoni waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, kisha akaeleza kwamba alikuwa akitekeleza sheria hiyo.

Kisa hiki kinanivutia kuliko vingine vingi vya aina yake kwa sababu ubishi kuhusu dini na umwagaji damu huwa unaelea hewani. Mmoja anasema vitabu vyenyewe ndivyo vinavyofundisha kuua. Mwingine anajibu kwamba aliyeua hakuwa muumini wa kweli, basi, mjadala umekwisha. Hakuna anayefungua kitabu. Hapa tuna namba ya karatasi, tuna msomaji aliyeisoma, tuna bastola, tena tuna maelezo yake mwenyewe. Tunaweza kufuata njia yote kutoka kwenye herufi hadi kwenye risasi na kuangalia ni wapi hasa ilipopinda.

Muuaji, Yigal Amir, hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani na kujazwa aya mbili tatu. Alilelewa katika familia ya dini huko Herzliya, akapitia yeshiva, yaani chuo cha dini, akatumikia jeshi, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, ambako wanafunzi wanaweza kusoma Talmudi na masomo ya kawaida chini ya paa moja. Baba yake alikuwa sofer, mwandishi anayenakili hati za Torati kwa mkono. Kazi hiyo ina ukali wake: herufi moja ikikosekana, gombo zima halifai kusomwa hadi lirekebishwe. Nalitaja hili kwa kuwa hoja ya "hakuijua dini yake" haimkai mtu huyu hata kidogo. Aliijua. Alipofikishwa mbele ya hakimu siku mbili baada ya mauaji, alisema kwamba amejifunza Halakha, sheria ya Kiyahudi, maisha yake yote.

Sasa tuangalie hali ya wakati ule. Mkataba wa Oslo ulitiwa saini jijini Washington tarehe 13 Septemba 1993, mbele ya Rabin na kiongozi wa Wapalestina, Yasser Arafat. Israeli ingeondoa majeshi yake hatua kwa hatua katika sehemu za Ukingo wa Magharibi na Gaza. Kwa walowezi, Waisraeli waliohamia kuishi katika sehemu hizo, na wafuasi wao wa kidini, ardhi ile ilikuwa ahadi ya Mungu, tena Hebroni na Nablus ndiyo Biblia yenyewe ikiwa na udongo. Kisha damu ikaanza kumwagika kutoka pande zote. Tarehe 25 Februari 1994, daktari mlowezi, Baruch Goldstein, aliingia na bunduki ya jeshi kwenye Msikiti wa Ibrahimi mjini Hebroni, Waislamu wakiwa katika swala ya alfajiri ya Ramadhani, akaua watu 29. Mwezi Oktoba mwaka huo mshambuliaji wa Hamas alilipua basi katika barabara ya Dizengoff, Tel Aviv, na Januari 1995 mashambulizi mengine yakatokea Beit Lid. Kila tukio kati ya hayo mawili liliua watu zaidi ya 20. Kila upande ulikuwa na aya zake.

Ndipo neno rodef lilipoanza kusikika nje ya madarasa. Mwanzoni mwa 1995 marabi watatu wa makazi ya walowezi waliwaandikia wenzao wapatao 40 barua ya kuuliza: je, serikali hii inaingia katika hukumu ya rodef, au ya moser, yule msaliti anayewakabidhi Wayahudi mikononi mwa maadui? Waliandika kama wanavyoandika marabi siku zote, kwa kuuliza. Lakini swali likishaandikwa na watu wenye heshima, linatembea kwa miguu yake. Kabla ya barua lilikuwa jambo lisilofikirika. Baada ya barua likawa suala lenye kauli mbili.

Tarehe 5 Oktoba 1995 Bunge lilipitisha awamu ya pili ya makubaliano kwa kura 61 dhidi ya 59. Usiku huohuo maelfu ya watu walijaa katika uwanja wa Sayuni, Yerusalemu, na katikati yao ikazungushwa picha ya Rabin aliyevalishwa sare za SS, kikosi cha Wanazi. Mwezi huohuo watu wachache walisimama karibu na makazi yake wakasoma Pulsa diNura, laana ya kumwombea mtu kifo.

Usiku wa mauaji upo kwenye video ya mpita njia aliyekuwa akipiga picha kutoka juu. Mkutano wa hadhara wa kuunga mkono amani unamalizika katika Uwanja wa Wafalme wa Israeli, Tel Aviv. Chini, karibu na magari ya viongozi, kuna kijana amekaa kwenye chungu kikubwa cha maua, amestarehe kama mtu anayemngoja bosi wake. Walinzi walimdhania dereva. Alikaa pale kwa zaidi ya nusu saa. Rabin, ambaye hakuvaa fulana ya kuzuia risasi, alishuka ngazi kuelekea gari lake. Risasi tatu. Mbili zilimpata yeye, moja ikamjeruhi mlinzi. Rabin alifia hospitali kabla saa sita ya usiku haijagonga. Mfukoni mwake walikuta karatasi yenye maneno ya wimbo wa amani alioimba jukwaani muda mfupi kabla, imelowa damu.

Turudi kwenye karatasi ya 73, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huondoka mapema.

Anayesema maandiko hayana lawama yoyote ana kazi ya kufanya. Sheria ya kawaida ya kifo katika Talmudi ni nzito mno kuitekeleza: inataka mashahidi wawili, inataka mtuhumiwa awe ameonywa, inataka mahakama ya waamuzi 23. Marabi waliizungushia vizuizi hadi ikawa karibu haiwezekani. Rodef ni njia ya mkato inayoviruka vyote. Hakuna mahakama. Hakuna hati ya mashtaka. Yeyote aliyepo ndiye hakimu na ndiye mtekelezaji, kwa sekunde ileile. Tena haisemi "unaruhusiwa". Maimonides, mwanasheria mkuu wa karne ya 12, anaieleza kuwa amri inayowabana Israeli wote. Ni wajibu. Sheria yenye umbo hilo ina hatari ndani yake hata ikisomwa na mtu mwema, kwa kuwa imeacha pengo moja tu la kujaza, nalo ni jina. Ni kama fomu iliyokwisha kupigwa muhuri.

Basi tuangalie masharti yaliyoandikwa pembeni mwa hiyo fomu, ambayo Amir, mwana wa sofer, hangeweza kusema hakuyaona.

Karatasi moja mbele, kwenye 74, Rabi Yonatan ben Shaul anasema kwamba ikiwa mwandamaji angeweza kuzuiwa kwa kujeruhiwa kiungo kimoja tu, na mwokoaji akachagua kumuua, mwokoaji huyo naye ana hatia ya kifo. Maimonides anakubali kuwa huyo ni mmwaga damu anayestahili kufa, ingawa mahakama haitamnyonga. Maana yake, sheria hii hupimwa kwa njia iliyobaki. Waziri mkuu mwenye wingi wa kura mbili bungeni anaweza kuzuiwa kwa njia ngapi? Uchaguzi mwingine ulikuwa unakuja mwaka uliofuata. Wapinzani wake walikuwa mbele ya maikrofoni kila siku. Wingi ule ungebomoka kwa mbunge mmoja au wawili kubadili msimamo. Na kama Rabin alikuwa rodef kwa sababu ya sera, basi wabunge wote 61 walikuwa rodef, pamoja na kila mpiga kura aliyewapeleka pale. Sheria ya kuokoa mtu mmoja kichochoroni inageuka kibali cha kuua nusu ya nchi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria anaona kasoro hiyo, na huyu alikuwa mwanafunzi wa sheria.

Kinachonishangaza zaidi kiko karatasi ya 82. Hapo Talmudi inakizungumzia kisa cha Finehasi, yule kuhani wa Hesabu 25 aliyechukua mkuki akamchoma Zimri na mwanamke wa Kimidiani bila kumuuliza mtu, na Mungu akamsifu. Watu wenye hasira takatifu humpenda sana Finehasi. Marabi hawakuweza kuifuta aya ile. Walichofanya ni kuizungushia ua. Walisema anayekuja kuomba ruhusa ya kufanya kama Finehasi haambiwi fanya. Kisha wakaongeza jambo zito zaidi: lau Zimri angegeuka akamuua Finehasi, Zimri asingekuwa na hatia, kwa sababu wakati ule Finehasi alikuwa rodef.

Isome tena. Mtu anayenyanyuka na silaha kwa ajili ya Mungu, bila mahakama, ndiye mwandamaji. Katika eneo lile la magari pale Tel Aviv kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelingana na tafsiri ya rodef neno kwa neno: amejificha, ana silaha, anamngoja mtu fulani ili amuue. Alikuwa amekaa kwenye chungu cha maua. Mlinzi angemwahi kwa risasi, risala ya Sanhedrin ingekuwa upande wa mlinzi.

Kwa hiyo, tukiulizana kama andiko lilimtuma, jibu la kitabu chenyewe ni kwamba alilisoma nusu. Ila nusu hiyo ilikuwemo. Hilo halifutiki.

Na ugonjwa wa kusoma nusu si wa Wayahudi peke yao. Mara ngapi tumesikia kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote? Maneno hayo yamo katika Mishna, mkusanyo wa kale ulio kiini cha Talmudi, Sanhedrin hiyohiyo, na yamo katika Qur'ani 5:32, ambayo inasema waziwazi kuwa waliandikiwa Wana wa Israeli. Mhubiri wa amani huishia hapo. Aya ina mabano yake, "isipokuwa kwa nafsi au kwa kufanya ufisadi katika nchi", na inayofuata, 5:33, inataja adhabu kali kwa wanaompiga vita Mungu na Mtume wake. Mwenye kutaka vita huanzia hapo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wote wawili wana ngozi ya kweli mikononi.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu ndio unaoamua kesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Israeli ikipatana na Misri, Rabi Ovadia Yosef, rabi mkuu wa Wasefardi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Mashariki, alitoa hukumu kuhusu kurudisha ardhi iliyotekwa. Alianza na kanuni ileile iliyo nyuma ya sheria ya rodef: kuokoa maisha kunazitangulia karibu amri zote. Akasema, ikiwa makamanda na wataalamu wa usalama wanaona kwamba kuitoa ardhi kutaepusha vita na kuokoa roho za watu, basi inaruhusiwa kuitoa. Chama cha Shas kilichomfuata hakikuipinga Oslo bungeni mwaka 1993; wabunge wake walijizuia kupiga kura.

Waweke hawa wawili bega kwa bega. Rabi anasema: maisha ni matakatifu kuliko ardhi, kwa hiyo kuitoa ardhi inafaa kama kunaokoa maisha. Amir anasema: maisha ni matakatifu, kuitoa ardhi kutaua Wayahudi, kwa hiyo anayeitoa ni mwuaji, na mwuaji azuiwe. Kanuni ni moja. Kilichowatenganisha ni utabiri: nini kitatokea jeshi likiondoka Jenin au Nablus? Talmudi haina la kusema juu ya hilo. Ni swali la ujasusi, la siasa, la kumwamini Arafat au kutomwamini. Miaka mingi baadaye, damu ilipozidi, Rabi Ovadia mwenyewe alisema kwamba hukumu yake haikuihusu Oslo. Hakubadilisha kitabu. Alibadilisha tathmini ya hali, tena bila bastola.

Hapa ndipo njia ilipopinda. Pale mtu alipouchukua utabiri wa kisiasa, kitu ambacho majenerali wenyewe walikuwa wakibishana juu yake, akaupandisha cheo ukawa ukweli wa macho, sawa na mtu mwenye panga anayemkimbiza mtoto. Pengo la jina likajazwa. Baada ya hapo andiko likafanya kazi yake yenyewe, kwa uaminifu wote.

Lilimpa nini, basi? Chuki hakuhitaji kupewa. Alikuwa mwanaharakati, aliandaa maandamano ya wanafunzi na safari za mwisho wa juma kwenda kwenye makazi ya walowezi. Watu wengi sana walimchukia Rabin mwaka ule na hawakufanya lolote zaidi ya kupiga kelele. Kati ya chuki na mauaji kuna hatua ambayo wengi wetu hatuivuki, si kwa sababu ya polisi bali kwa sababu mkono unakataa. Amir aliwaambia waliomhoji kwamba bila hukumu ya rodef ambayo, kwa kadiri alivyojua yeye, marabi kadhaa walikuwa wameitoa, ingekuwa vigumu sana kwake kuua. Maneno ya muuaji aliyekamatwa hayachukuliwi yote kama yalivyo. Ni utetezi pia, ni kugawa mzigo. Hata hivyo mimi namwamini katika hili moja. Andiko lilimwondolea lile neno "mauaji". Lilimpa usingizi.

Godse, aliyemuua Gandhi tarehe 30 Januari 1948, alijitetea mahakamani kwa kuwataja Krishna na Arjuna, wahusika wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Gandhi naye aliishi na Bhagavad Gita hiyohiyo karibu kila siku ya utu uzima wake, akachota humo kutotumia nguvu.

Mahakama ya Tel Aviv ilimhukumu Amir kifungo cha maisha tarehe 27 Machi 1996, na miaka sita zaidi kwa kumjeruhi mlinzi. Majaji walisema kwamba kuutafutia uuaji ule kibali cha Halakha ni kuitumia sheria ya dini vibaya kwa malengo yasiyo yake. Ni kauli niliyoitarajia kutoka mahakamani, na kwa hukumu ya jinai inatosha. Kwa uchambuzi haitoshi. Ukisema jambo ni geni kabisa kwa dini, waumini wanapumua, wanarudi nyumbani, na hakuna anayelazimika kuuliza kwa nini ugeni huo ulizungumzwa kwa lugha ya nyumbani, na watu wa nyumbani, kwa miezi kumi kabla ya risasi.

Mimi ningeigawa lawama hivi, na atakayeona nimekosea aseme. Sehemu kubwa ni ya Amir, kwa kuwa masharti yalikuwa karatasi moja tu mbele na alijua kufungua. Sehemu inayofuata, ambayo si ndogo, ni ya wenye elimu waliolileta swali la rodef juu ya mtu aliye hai, mwenye jina na anwani, kisha wakaliacha lizunguke bila kulifunga kwa sauti ileile waliyolifungua nayo. Mwalimu anayejua kuwa marabi wa kale walikataa kumjibu anayeomba ruhusa ya kuua alipaswa kujua pia kwamba swali kama hilo halipelekwi kwa barua. Kitabu nacho nakipa sehemu, ndogo lakini halisi: kiliacha njia ya mkato, kikatumaini kwamba watakaoipita watasoma vibao vyote.

Wengine watasema sehemu ya kitabu ni sifuri kwa sababu karatasi haishiki bastola. Ni kweli haishiki. Sheria ya nchi inayompa askari ruhusa ya kufyatua risasi haishiki bunduki pia, lakini watu wakiuawa ovyo tunadai iandikwe upya, tena tunataka kujua nani aliwafundisha askari kuisoma. Wenye vitabu vitakatifu hawawezi kuviandika upya. Wanachoweza kufanya ni kile walichofanya marabi kwa Finehasi: kuiacha aya ilipo na kuijengea ua, kila kizazi upya, kwa sababu ua huoza.

Tume ya Shamgar, iliyoundwa kuchunguza mauaji yale, ilishughulika na walinzi na idara ya usalama, Shin Bet, ambayo mkuu wake alikuwa amekwisha jiuzulu ripoti ilipotoka. Hakuna rabi aliyeshtakiwa kwa mauaji. Barua ile ilikuwa na maswali, na kuuliza si kosa la jinai.

Rabi Yoel Bin-Nun, yeye mwenyewe mlowezi na mwalimu aliyeheshimika miongoni mwao, alijitokeza siku chache baada ya mazishi, akadai kwamba kulikuwa na marabi waliomtangaza Rabin kuwa rodef, akataka wajulikane na waachie nyadhifa zao. Vitisho vikaanza kumwandama, ikabidi atembee na ulinzi.